Sitabandua Mpaka Wageni Wafike

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Kazi ya kubandua nimepewa mimi. Binamu yuko kwenye cherehani yake anashona sare za shule, hana habari kwamba amepigwa bao.

Nieleze vizuri, maana shajara hii itasomwa na watu nikishakuwa mtu. Mjomba wangu ni mchoraji. Mchoraji mkubwa, wanasema, na mimi sibishi, ingawa maisha yake yote amechora mistari. Hana mti, hana mtu, hana hata kikombe. Mstari tu, na mraba ikitokea bahati. Jirani aliwahi kuchungulia dirishani akauliza mzee kachora nini mwaka mzima. Nikamwambia mstari. Akauliza na mwaka ujao? Nikamwambia mwingine. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Namna yake ya kazi ni hii. Anapaka turubai rangi nyeupe. Pale anapotaka mstari anabandika utepe wa karatasi, mwembamba, ameukata kwa wembe. Kisha anapaka nyeusi juu ya kila kitu, tabaka juu ya tabaka. Mwisho anabandua utepe, na chini yake unatokea mstari mweupe, ukingo wake umenyooka mpaka unaogopa kuugusa. Utepe uliobanduliwa anauviringisha kwenye donge lake. Donge hilo alilianza akiwa kijana, sasa limekuwa kubwa kama boga. Utepe usipoingia kwenye donge, picha haijaisha, na yeye hasaini.

Sasa mzee amechoka. Macho yameondoka, miguu imegoma, kifua kinakoroma mchana kutwa. Daktari alitaja hospitali, mzee akasema anataka kitanda chake. Jumamosi hii maonyesho yake yanafunguliwa, picha za maisha yake yote, na wote tunajua ni ya mwisho ingawa hakuna anayelitamka. Picha ya mwisho kabisa alimaliza kuipaka jana, amekaa kwenye kigoda, mimi nimemshika kiwiko. Mistari yake yote tangu ujana huishia upana wa dole gumba kabla ya ukingo wa turubai. Haijawahi kuugusa hata mmoja. Huu wa mwisho ameuacha uende mpaka nje. Nilimwambia kwa adabu kwamba amekosea vipimo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema safari hii unafika, na kabla hajaondoka anataka kupagusa pale unapotokea, kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa kuwa mikono inamtetemeka, alitaka binamu, yaani bintiye, ndiye abandue. Binamu ni fundi cherehani, mkono wake umenyooka, sikatai. Lakini miaka yote hii msaidizi ni mimi! Nalala stoo ya studio, nimeosha brashi mpaka vidole vimebabuka. Nani ataandikwa kuwa mrithi? Fundi wa sare? Basi nikaenda kwa mzee nikamwambia binamu amelemewa na kazi, ameomba aondolewe. Nikaenda kwa binamu nikamwambia mzee amenichagua mimi. Wala hawakuulizana. Rahisi hivyo!

Mzee akanipa masharti. Nibandue kesho asubuhi, rangi ikiwa bado laini. Ikikauka kabisa inashikana na utepe, ukivuta inatoka nao. Akarudia na kurudia kana kwamba naenda vitani. Kisha akanipapasa upara, akasema hapa ndipo mahali pekee nyumba nzima asipowahi kubandika utepe. Ana mzaha huyu mzee. Nampenda, sisemi uongo.

Jumanne, 4 Juni

Sikubandua. Nina wazo!

Nilisimama mbele ya turubai asubuhi, kucha iko kwenye ncha ya utepe. Halafu nikageuka kuona nani anatazama. Hakuna mtu. Ndoo ya brashi tu, na shati langu limetundikwa msumarini. Yaani mstari wa mwisho wa mchoraji mkubwa ufunuliwe, na shahidi awe ndoo? Upuuzi gani huo!

Nitabandua Jumamosi, mbele ya wageni. Mimi na suti. Kimya kimetanda. Navuta taratibu, mstari unatoka, watu wanashusha pumzi, kamera zinawaka. Keshoyake gazetini: mzee amkabidhi mpwa wake brashi. Kuhusu rangi kukauka, nadhani uzee humtia mtu woga. Utepe ni utepe.

Nikaenda ukumbini kuonana na Miwani. Ndiye mkuu wa ukumbi wa maonyesho, mama mmoja ambaye miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni, na huivaa pale tu anapokuwa hakuamini. Nikamweleza. Akaivaa. Akauliza kama mzee ameridhia. Nikamwambia wazo ni la mzee mwenyewe, ndiyo haja yake ya mwisho duniani, na sauti yangu ikakatika kidogo hapo, kwa ufundi. Akaivua. Akasema si jambo la kawaida, lakini picha ni yake. Nimeingizwa kwenye ratiba, baada ya hotuba, kabla ya vinywaji.

Mchana mzee akaniuliza kama nimebandua. Nikasema tayari. Akauliza umetokaje. Nikamwambia mweupe, safi, haukuchubuka mahali, unateremka moja kwa moja halafu unakata kona na kwenda zake mpaka nje. Akafumba macho, akaniomba nimwambie tena ile sehemu ya mwisho. Nikamwambia. Nilijishangaa, maana nilieleza vizuri kuliko kama ningekuwa nimeuona. Binamu alikuwa amesimama mlangoni, uzi mdomoni, akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona anatabasamu. Kitu kilinichoma kidogo hapa kifuani. Kikapita.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Mzee anataka utepe.

Nilisahau donge! Asubuhi nimemkuta amelikumbatia kitandani, anauliza utepe wa jana uko wapi auviringishe mwenyewe. Nikamwambia uko studio unakauka. Akauliza tangu lini utepe ukaanikwa. Nikacheka kwa nguvu, nikatoka mbio.

Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nikakata utepe mpya, upana uleule, nikaupaka nyeusi juu, nikaupepea kwa gazeti, nikaukunjakunja uonekane umechoka. Mwenye macho yake asingegundua, sembuse mzee. Nikampelekea, kifua mbele.

Akaupokea kwa mikono miwili. Akaupitisha kati ya vidole upande wa gundi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaurudisha. Akasema hauna hata uzi mmoja wa turubai. Nikamwambia turubai za siku hizi ni safi mno. Hakuuviringisha kwenye donge. Aliuweka pembeni, chini ya mto, akapagonga mara moja kwa kiganja. Labda alichoka.

Kisha akaanza hadithi. Siku binamu anazaliwa, alikimbilia hospitali akasahau picha ina utepe, akarudi imekauka. Sijui marehemu mkewe akaleta draya yake ya nywele, sijui wakapasha, sijui wembe ukapita kando. Akasema mtu akichelewa si mwisho wa dunia, ilimradi aje aseme. Hilo la mwisho alilisema amenielekezea uso, na yale macho yasiyoona. Akangoja. Nikaitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba. Kusema kweli nilikuwa nawaza viatu. Suti nimeshaazima, ila viatu vyangu vimeacha midomo wazi.

Alhamisi, 6 Juni

Gari la ukumbi limekuja kuchukua picha. Nilikaa nyuma nimeikumbatia, nimeifunika shuka ili binamu asione kitu. Wapagazi wakauliza upande gani ni juu. Nikawaambia wasinivunjie heshima, kisha nikalazimika kuchungulia.

Imetundikwa ukuta wa mwisho, peke yake, imefunikwa kitambaa. Miwani akauliza kama haidhuru utepe kukaa muda wote huo. Nikamuuliza msaidizi wa mzee ni nani, mimi au yeye. Akavaa miwani.

Nimerudi nyumbani nakuta msiba mwingine. Mzee anataka apelekwe ukumbini leo hii. Binamu ameshapanga kila kitu, kiti cha magurudumu wameazimwa na zahanati, dereva amekubali. Dakika chache tu, apaguse pale mstari unapotokea, arudi kitandani. Alikuwa ameshamvalisha shati jeupe na kumfunga vifungo hadi shingoni. Mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele zimechanwa, mkono wa kulia uko juu ya goti, kidole kimenyooka, tayari.

Angegusa utepe mara moja tu, mambo yangu yote yangemwagika. Nikasema ole wenu, sakafu ya ukumbi imepigwa vanishi leo asubuhi, harufu yake inatoa machozi, kifua cha mzee hakiwezi. Binamu akanitazama. Yule hagombani, ni kama marehemu mama yake, anakata uzi kwa meno tu. Akauliza na kesho? Nikasema vanishi ile ni ya kigeni, mpaka Jumamosi.

Akarudi kumvua shati. Kupitia ukutani nilimsikia mzee akimwambia haidhuru, mama. Kisha akasema tena haidhuru. Hiyo ya pili haikuwa na sauti.

Nikalala stoo nimejifunika mto usoni. Ningefanyaje lakini? Jumamosi akisikia makofi yalivyopigwa atanielewa. Nitamsomea gazeti mwenyewe, neno kwa neno.

Ijumaa, 7 Juni

Hotuba nimeikariri. Inaanza kwa unyenyekevu, haikai hapo muda mrefu.

Nilikwenda ukumbini kufanya mazoezi. Nikafunua kitambaa, nikagusa utepe kwa kucha. Mgumu. Rangi nayo ngumu, inalia kama ganda la kobe ukiigonga. Dalili njema, kitu imara! Nikajaribu kuinua ncha ya juu kidogo tu, uzoee. Kipande cha nyeusi kikatoka, kadiri ya ukucha wa mtoto. Nikakirudisha kwa mate, nikakibonyeza, kikashika. Hapaonekani, ukisimama mbali.

Mzee hajala leo. Binamu anafunga na kufungua chupa za dawa tu. Cherehani imenyamaza tangu asubuhi, na mimi ambaye siku zote naulalamikia mlio wake, leo nimeshindwa kukaa ndani.

Jumamosi, 8 Juni

Ukweli uandikwe: kosa ni la utepe.

Watu walijaa. Walitembea polepole, mikono nyuma, wananong'ona utadhani wameingia wodini. Mraba wa kijivu ndani ya kijivu. Mstari mweupe unaoteremka na kuishia njiani. Bwana mmoja alizunguka ukumbi wote, akaja kuniuliza maonyesho yenyewe ni chumba gani. Lakini kulikuwa na mama mtu mzima amesimama mbele ya picha ndogo ya zamani, anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikamuuliza kulikoni. Akasema huu mstari ulibakiza kidogo tu. Nikamwambia mama, usiondoke, leo utaona uliofika.

Binamu alichelewa. Alimwacha mzee na jirani, akaja mbio na futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni. Aliniambia hakuja kukaa. Anataka auone mstari kwa macho yake ili arudi akamweleze, maana mzee hawezi tena kungoja mengi.

Miwani akahutubia. Kitambaa kikaanguka. Halafu nikasikia sauti ya binamu kutoka nyuma, sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha. Aliuliza kama ule si utepe.

Nikajifanya hamnazo. Nikatoa hotuba. Nikasema mkono wa mzee, leo hii, ndio huu. Nikauinua waone. Nikashika ncha nikavuta.

Sauti yake sitaisahau. Kama mtu anachana kanga. Nyeusi ikatoka na utepe, pande zima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake si mstari, ni donda, mahali pengine nyuzi tupu za turubai. Nikadhani ni pale mwanzo tu. Nikavuta haraka. Ikazidi. Nikavuta haraka zaidi, kwani ningeacha vipi, watu wanatazama! Kwenye kona nikageuka nao nikaendelea. Vipande vyeusi vinaangukia viatu vyangu vilivyoacha midomo wazi. Mtu mmoja akapiga makofi, akidhani nimemaliza, kisha akaviweka viganja vyake mfukoni.

Kilikuwa kimebaki kipande cha upana wa dole gumba, pale ukingoni, ndipo mkono ukanishika. Binamu. Vidole vyake vimechomwa sindano maisha yote, ni vigumu kama koleo. Akaniambia basi. Neno hilo tu. Akautazama ule ukingo uliobaki na utepe wake, akamtazama Miwani, na Miwani akavua miwani. Sijawahi kumwona akilia mtu yule.

Nikawaeleza wageni kwamba siku hizi bidhaa ni feki tupu, hata tepe. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwandishi wa gazeti alinipiga picha, mdomo wazi, utepe umening'inia kwenye mkono wa suti.

Nikamuwahi binamu nyumbani, maana yeye alibaki akizungumza na Miwani. Mzee yu macho. Akauliza ilikuwaje. Nikasema mjomba, walisimama. Wakapiga makofi. Akauliza na mstari? Nikasema safi. Akaninyooshea mkono nisogee. Nikainama. Akanishika upara, akauacha mkono wake pale muda mrefu, mwepesi kama kipande cha karatasi. Akasema pole, mwanangu.

Pole ya nini? Ya uchovu labda. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji, na nikalia, sijui kwa nini hasa. Viatu, nadhani.

Jumapili, 9 Juni

Mjomba amefariki. Saa za alasiri.

Nililia, na hili naliandika bila kutia chumvi, nililia mpaka jirani akaja kunishika mabega. Nimekaa na mzee yule zaidi ya nilivyokaa na baba yangu. Ni yeye aliyenifungulia mlango nilipofukuzwa kila mahali. Hakuwahi kunitajia hilo, hata siku nilipomwaga mafuta ya taa kwenye brashi zake zote.

Lakini nina la kusema, na nitalisema. Sikuitwa! Mchana gari la ukumbi lilirudisha picha. Mimi nilidhani imekuja kutupwa. Binamu na dereva wakaiingiza chumbani kwa mzee, wakaiegemeza kitandani, na binamu akafunga mlango. Mimi, msaidizi, niko kibarazani kama mgeni asiyekaribishwa. Nikategea sikio. Kwanza nikasikia draya ya nywele inanguruma. Nikashangaa. Mtu yuko katika hali ile, binamu anamkausha nywele! Wanawake na usafi wao. Kisha mzee ananong'ona jambo, ananong'ona tena, na binamu anaitikia ee baba, ee baba, kidogokidogo, ee. Cherehani kimya, barabara kimya. Kisha nikamsikia mzee, sauti yake ya zamani kabisa, sauti ya mtu mzima aliye na nguvu zake. Akasema umefika.

Nikadhani ananisema mimi. Nikafungua mlango.

Binamu alikuwa amepiga magoti na wembe mkononi. Mzee alikuwa amelala ubavu, kidole chake kiko ukingoni mwa turubai, kimetulia. Mkono mwingine uko juu ya donge. Hakuinua uso. Binamu aliniambia niondoke, kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko matusi.

Baadaye, walipokuwa wakimwosha, nilichungulia picha. Njia yote imeraruka, aibu tupu. Ila pale mwisho kabisa, upana wa dole gumba, mstari umetoka mweupe, umenyooka, unaisha pale turubai inapoisha. Safi! Na kwenye donge kumeongezwa kijipande kidogo cha utepe. Nimefikiri sana. Bila shaka nilikuwa nimekilegeza mimi jana kabla binamu hajanishika. Yeye kamalizia tu. Watu wengine wana bahati ya kufika mambo yakiwa yameshaiva.

Ijumaa, 28 Juni

Habari njema hatimaye!

Nianze na mbaya. Binamu ametundika ile picha ukumbini ilivyo, na madonda yake yote, na hakutaka iguswe. Mwenyewe nilijitolea kuikarabati kwa kiwi ya viatu, nikakatazwa kuikaribia. Donge la tepe amelihifadhi kwake, kwenye rafu juu ya cherehani. Hatusemeshani sana. Huniambia kaka, chakula kipo, na hapo ndipo maneno yanapoishia.

Lakini leo ameniita. Akanipa boksi. Akasema baba alimwagiza, siku ile ya mwisho, kwamba vitu hivi viwili ni vyangu, na nitajua mwenyewe vya nini. Nikafungua.

Cha kwanza, utepe! Ule niliompelekea Jumatano, mweusi juu, umekunjwa vizuri kama kitu cha thamani. Kumbe aliuweka chini ya mto muda wote! Kumbe aliutenga na tepe nyingine kwa makusudi, usichanganyike! Niliketi palepale sakafuni. Ni kazi ya mkono wangu mtupu, na mzee, kwa vidole vile vilivyojua kila kitu, aliitambua. Nilimwambia binamu kwamba huu ndio urithi. Akanitazama sana, akarudi kwenye sare zake. Wivu.

Nimeutia utepe kwenye fremu ya kioo. Utakuwa wa kwanza pale mlangoni, kwenye maonyesho yangu. Ndiyo, maonyesho yangu! Jina ni Mrithi. Turubai nne nimeshazipaka, tepe zipo mahali pake, nyeusi nimeipaka nene kweli kweli. Mistari yote inafika ukingoni, sina subira ya kuishia njiani. Nimemwandikia Miwani anipe ukumbi. Hajajibu. Nitangoja, hata ikifika mwakani. Sitabandua hata mmoja mpaka wageni wafike, na safari hii nimenunua tepe za duka lingine.

Cha pili kilikuwa ile draya ya nywele ya marehemu mke wake. Hapo nadhani mzee alikuwa ameshachanganyikiwa kidogo, Mungu amrehemu. Nimempa jirani. Mimi nina upara.